Mashine mpya ya espresso ya mkono: Kwa nini bei ya tangazo siyo bei ya mlangoni

Picha ya mashine inayong'aa, video ya sekunde 30 ya kahawa ikichuruzika, na bei ya zamani iliyokatwa mstari. Hivyo ndivyo mashine nyingi mpya za espresso za nyumbani zinavyotangazwa siku hizi, miezi kadhaa kabla hata moja haijafika dukani.

Wapenzi wa kahawa hujiandikisha na kusubiri, na wengi hulipa kabla ya kuiona. Wapo wanaopata mashine ya kudumu nayo miaka mingi. Wapo pia waliowahi kulipa na wasipate kitu.

Haya ni mambo ya kufahamu kuhusu mashine hizi, bei zake zinavyopangwa na hela ya mnunuzi inakokwenda.

Mashine ya mkono ni ipi?

Espresso hutengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini. Mara nyingi gramu 18 za kahawa hutoa kama gramu 36 za kinywaji, ndani ya sekunde 25 hadi 30.

Presha inayotumika ni kama bar 9. Hiyo ni karibu mara nne ya upepo unaojazwa kwenye tairi la gari dogo.

Kwenye mashine nyingi, pampu ya umeme ndiyo inayosukuma. Kwenye mashine ya mkono, mtu mwenyewe hushusha mkono wa chuma unaobana pistoni, na pistoni inayasukuma maji.

Zipo za aina mbili. Ya kwanza, nguvu yote inatoka kwa mtumiaji. Ya pili, mtumiaji anaikaza springi, kisha springi ndiyo inayosukuma ikiwa inajiachia taratibu.

Siyo teknolojia mpya

Mashine hizi zina asili ya Milan, Italia. Achille Gaggia alianza kuhangaika na njia ya kutengeneza kahawa bila kutegemea mvuke miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili mashine zake za mkono zikaingia kwenye migahawa.

Kabla yake, mashine zilitegemea presha ya mvuke ambayo ilikuwa ndogo. Presha kubwa ya pistoni ndiyo iliyoleta lile povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe, ambalo leo watu wanalitumia kuitambua espresso.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine ya E61 iliyotumia pampu ya umeme. Migahawa mingi ikahamia huko, kwa sababu mhudumu hakulazimika tena kuvuta mkono kutwa nzima.

Nyumbani, hata hivyo, mkono haukufa. Mashine ndogo ya La Pavoni iitwayo Europiccola imekuwa sokoni tangu miaka ya 1960 na bado inauzwa.

Kwa nini watu wanaisubiri kwa hamu?

Sababu ya kwanza ni uhuru wa mtumiaji. Anaweza kuanza na presha ndogo, akaongeza, kisha akapunguza mwishoni, na ladha ikabadilika. Mashine nyingi za pampu za bei ya kawaida hazimpi nafasi hiyo.

Ya pili ni uimara. Mashine isiyo na pampu wala vifaa vya elektroniki haina mengi ya kuharibika. Kinachochoka mara nyingi ni raba za kuzuia maji yasivuje, na hizo mtu anaweza kuzibadilisha mwenyewe nyumbani.

Ya tatu ni umeme. Baadhi ya mashine hizi hazichomekwi popote. Mtu anachemsha maji kwenye jiko la gesi, anamimina, anabana. Umeme ukikatika, kahawa inapatikana.

Kwa upande mwingine, zisizo na boila haziwezi kutoa mvuke wa kupasha maziwa. Anayependa kahawa ya maziwa yenye povu atahitaji kifaa kingine.

Gharama inatoka wapi?

Wengi hushangaa: kitu kisicho na injini kinauzwaje mamia ya dola? Jibu liko kwenye nguvu inayopita ndani yake.

Kupata bar 9 kwenye pistoni yenye upana wa milimita 58 kunahitaji msukumo sawa na uzito wa kilo 240 hivi. Pistoni ikiwa na upana wa milimita 40, msukumo unashuka hadi kilo 115.

Mkono ukiongeza nguvu mara sita, mtumiaji atabana kwa kilo 40 kwenye pistoni kubwa, au kama kilo 19 kwenye ndogo. Lakini fremu, pini na viungo vyote lazima vibebe ule msukumo wote bila kupinda, kila siku. Chuma chepesi hakifai.

Ongeza hapo gharama za kutengeneza kalibu, majaribio ya usalama kwa mashine zenye umeme, na ukweli kwamba kampuni ndogo hutengeneza mashine chache kwa mkupuo. Gharama hizo zote zinagawanywa kwa wanunuzi wachache.

Ndiyo maana bei zinatofautiana sana. Flair Neo Flex, isiyotumia umeme, imekuwa ikiuzwa karibu dola 100 za Marekani. Cafelat Robot, nayo haina umeme, ni kama dola 400. Europiccola yenye boila yake huzunguka dola 1,000. Olympia Cremina ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1967, hupita dola 3,500.

Mashine mpya inapotangazwa, itaangukia mahali fulani kati ya hizo. Swali la kwanza kwa mnunuzi ni: inatoa kitu gani ambacho iliyopo tayari kwa bei hiyo haitoi?

Punguzo la mapema ni la nini hasa?

Kampuni nyingi changa huuza kwanza kwa oda ya mapema, au kwa kuchangisha kwenye majukwaa kama Kickstarter. Wa mwanzo wanapewa bei ya chini kuliko ile itakayokuwa dukani.

Watu huiona kama zawadi. Ukweli ni kwamba ni biashara: mnunuzi anaikopesha kampuni hela ya kutengenezea mashine, na punguzo ndiyo malipo yake kwa kubeba hatari.

Wakati mwingine inalipa. Flair ilianza kwa kuchangisha Kickstarter mwaka 2016, na leo ina mashine za aina kadhaa sokoni.

Wakati mwingine haijibu. Mwaka 2012 kampuni ya ZPM ya Marekani ilichangisha karibu dola 370,000 kwa ajili ya mashine ya espresso ya nyumbani, ingawa lengo lake lilikuwa dola 20,000 tu. Yake ilikuwa ya pampu, siyo ya mkono. Tarehe zikasogezwa tena na tena, na mwaka 2015 mradi ukafungwa. Wengi waliochangia hawakuona mashine wala hela yao.

Kickstarter yenyewe husema wazi kuwa siyo duka. Anayechangia anaunga mkono mradi, na hakuna uhakika kwamba mradi utakamilika.

Bei mpaka mlangoni

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu wa hesabu. Bei za Marekani kwa kawaida hazijajumlisha kodi. Za Ulaya kwa mteja wa kawaida huwa zimejumlisha VAT ya huko.

Kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, na baadhi ni asilimia 35. Kisha inakuja VAT ya bidhaa inayoingizwa: asilimia 18 Tanzania na Uganda, asilimia 16 Kenya.

Mfano wa mzigo unaokuja Tanzania:

- Mashine: dola 500
- Usafiri na bima: dola 100
- Ushuru, asilimia 25 ya dola 600: dola 150
- VAT, asilimia 18 ya dola 750: dola 135
- Jumla: dola 885

Hapo bado ada nyingine za forodha na gharama za wakala. Pia bado kinu cha kusagia, kwa sababu unga wa dukani mara nyingi ni mkubwa mno kwa espresso: maji yanapita haraka, na presha haijengeki. Asiye na kinu kizuri atabaki na mashine nzuri inayotoa kahawa ya maji.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, kampuni imewahi kutengeneza na kufikisha mashine nyingine, au hii ndiyo ya kwanza?

2. Je, kuna mashine halisi inayofanya kazi, au ni picha za kompyuta tu?

3. Kadi inakatwa lini? Kwenye Kickstarter hela hukatwa kampeni inapoisha, na pale tu lengo linapokuwa limefikiwa. Kwenye tovuti ya kampuni inaweza kukatwa siku hiyo hiyo.

4. Masharti ya kurudishiwa hela ni yapi tarehe ikisogezwa?

5. Kama inatumia umeme, je, ni ya volti 220 hadi 240? Mashine ya soko la Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Afrika Mashariki inaweza kuungua.

6. Raba na vipuri vitapatikana wapi baada ya miaka mitano?

Anayekosa majibu ya maswali hayo hana sababu ya kukimbilia punguzo. Mashine ikifika sokoni kweli, bei itakuwa juu kidogo, lakini kutakuwa na watu walioitumia wa kuwauliza.