Kigoda Nje ya Mlango wa Kanisa

Ndugu msikilizaji, juma lililopita nilipata barua kutoka kwa msikilizaji mmoja wa Manzese. Anasema ana miaka minane hajaingia kanisani. Imani anayo, na nyumbani anasali. Lakini kila Jumapili akishavaa na kufika karibu na lango, miguu inakuwa mizito. Anaogopa macho ya watu atakapopita katikati ya mabenchi. Anaogopa kuulizwa yuko jumuiya gani. Anaogopa kusimama wakati wenzake wamepiga magoti. Ananiuliza kama amerogwa.

La hasha, ndugu yangu, hujarogwa. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliwahi kuzunguka kanisa mara tatu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegesha baiskeli, na baiskeli sikuwa nayo. Mwishowe nilikwenda kunywa chai.

Barua hiyo imenikumbusha Arash. Wengi wetu wa mjini tumelisikia jina hilo katika habari za migogoro ya ardhi, kwani Arash ni kijiji cha Wamasai katika tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Mimi nilifika huko kwa shughuli nyingine kabisa, ikatokea Jumapili. Ndani ya kanisa walijaa akina mama na watoto, shanga zinalia kila wanapotikisa mabega kwa kuimba. Nje, chini ya mgunga, walikaa wazee wanaume na fimbo zao. Mmoja alikuwa na kigoda chake kidogo cha mti. Nikamwuliza kwa adabu, mzee, mbona huingii? Kijana mmoja akanitafsiria jibu lake: kule ndani ni kwa wanawake.

Nilicheka kidogo, kisha nikaona aibu. Baadaye niliisoma historia ya jambo hilo, nayo si ya kuchekesha hata kidogo.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokwenda kwa Wamasai hawakupanga hata siku moja kujenga kanisa la wanawake. Katika miaka ya 1950 walianza na shule, na mwanafunzi waliyemtafuta ni mvulana. Hapo ndipo hofu ilipozaliwa. Mvulana aliyerudi kutoka shule ya misheni alirudi na suruali na Kiswahili, na wenzake wakamwita ormeek, yaani mtu asiye Mmasai. Kwa morani hilo ni tusi. Aidha, mzee mwenye wake watatu aliambiwa kwamba ubatizo na wake watatu haviendi pamoja. Sasa mzee huyo angeingia kwa mguu upi? Awafukuze wawili, na watoto wao waende wapi? Padre Eugene Hillman, aliyefanya kazi Umasaini, aliliona hilo likamkera hata akaandika kitabu kizima mwaka 1975 akitaka kanisa lifikiri upya juu ya ndoa za mitala.

Mwezi Mei 1966 padre mwingine wa shirika hilo, Vincent Donovan, Mmarekani, alimwandikia askofu wake kutoka misheni ya Loliondo. Shule zilikuwapo, wagonjwa walihudumiwa, na Wamasai waliwapenda mapadre. Lakini, alisema, hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja anayeishika dini, na hakuna anayezungumza nao habari za Mungu. Akaomba ruhusa aache mengine yote, aende kwenye maboma akazungumze hilo tu. Kwa maneno mengine, kama watu wanaogopa mlango, basi mlango uwafuate walipo. Mambo hayo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1978.

Humo kuna kisa ambacho ningependa ndugu yetu wa Manzese akisikie. Baada ya kufundisha boma moja kwa muda mrefu, padre alitaka kuchagua wa kubatizwa. Huyu alikosa mafundisho kwa sababu ya ng'ombe, yule hakuelewa vizuri, mwingine hana bidii. Mzee Ndangoya akamkatiza kwa heshima. Alimweleza kwamba wenye akili walikuwa wamewasaidia wazito, na wenye imani kubwa wamewasaidia wenye imani ndogo, hivyo boma zima limefika pamoja. Padre alitafakari, akawabatiza wote. Mzee yule hakuwa amesoma teolojia popote, lakini alijua kwamba mtu akipimwa peke yake mbele ya wenzake hutetemeka.

Na akina mama je? Mtaalamu Mmarekani, Dorothy Hodgson, amelichunguza swali hilo kwa Wamasai, na kitabu chake cha mwaka 2005 kinaeleza kwamba wanawake waliingia kanisani bila kusubiri mkakati wa mtu. Wengine walishikwa na pepo waitwao orpeko. Dawa zilishindwa, laiboni alishindwa, ila aliyebatizwa alipona. Mume angezuiaje? Kadhalika, kwa Kimasai jina Enkai, yaani Mungu, ni la jinsia ya kike, na tangu zamani mama ndiye anayemwomba kila alfajiri huku akinyunyiza maziwa. Kwa hiyo mama yule hakuona kwamba anaingia ugenini. Mwenye ugeni alikuwa mumewe.

Jambo hili linanishangaza kila nikilifikiria. Morani asiyemkimbia simba alishindwa na mlango wa mbao, na mkewe akaupita akiwa amebeba mtoto mgongoni.

Msikilizaji utakumbuka mwaka 2011, wakati magari yalipopangana njia nzima kwenda Samunge, huko huko Wilaya ya Ngorongoro, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Mwasapile amefariki mwaka 2021. Siku zile hakuna aliyeuliza atatazamwaje, kwa kuwa kila mmoja alikuwa mgonjwa au amemleta mgonjwa.

Nilirudi Arash mara ya pili, miaka miwili baadaye. Mzee wangu alikuwapo bado, ila kigoda kilikuwa kimesogea. Sasa alikaa karibu na mlango, upande wa kivuli, mahali ambapo angeweza kusema amefuata kivuli tu. Wimbo ulipoanza, bibi mmoja mzee sana alitoka nje, akasimama mbele yake bila kusema neno, akakichukua kigoda akaingia nacho. Mzee akabaki amesimama na fimbo yake, akitutazama sisi, akitazama mlango. Kisha akakifuata kigoda chake.