Pareto ya Kisii na Nyamira: Kinachopandisha na Kushusha Bei ya Mafuta Yake

Sisi watu wa Mwambao tunaijua pareto kwa moshi wake. Ile dawa ya mbu ya kuwasha, ya mviringo, inayokaa juu ya kibati chake usiku kucha, asili yake ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano. Biashara ya dawa hiyo ilianzishwa Japani na Eiichiro Ueyama mwishoni mwa karne ya 19, na fikra ya kuizungusha ili iwake muda mrefu yasemekana ilitoka kwa mkewe. Ua lenyewe asili yake ni Dalmatia, pwani ya Croatia. Kenya lililetwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na Vita Vikuu vya Pili vilipoikata Japani na wanunuzi wake, walimwengu wakaigeukia milima yetu.

Kwa Wakisii, pareto iliingia katika mashamba ya wenyeji miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipowaruhusu Waafrika wengi zaidi kulima mazao ya kuuza nje. Nyumba ngapi zimejengwa na karo ngapi zimelipwa kwa ua hilo, wazee wa huko ndio wajuao. Leo ukipita Keroka kuelekea Nyansiongo utaona chai, ndizi na nepia ya ng'ombe. Pareto ni ya kutafuta. Sasa wakulima wanahimizwa waipande tena, na kila anayeulizwa naye huuliza: bei ikoje? Ni swali la haki, lakini jibu lake halimo katika mzani wa kupimia maua. Limo katika mafuta yanayokamuliwa humo.

Kinachoua mdudu katika pareto ni kemikali za asili ziitwazo pirethrini. Katika maua makavu ya Kenya huwa ni kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito, na sehemu kubwa mno ya hizo imo katika vijimbegu vilivyo kwenye kitovu cha ua, si katika yale majani meupe ya kupendeza. Kiwanda huyaloweka maua yaliyosagwa katika kiyeyusho, kwa kawaida heksani, kikapata uji mzito mweusi, kisha kikausafisha mpaka yakatoka mafuta mepesi ya rangi ya manjano. Mafuta haya huuzwa kwa ukali wake. Daraja inayojulikana sana sokoni ni ya asilimia 50.

Piga hesabu hii. Tani moja ya maua makavu yenye pirethrini asilimia 1.3 ina kilo 13 za pirethrini. Pasipopotea hata tone, hizo ni kilo 26 za mafuta ya asilimia 50. Tani hiyo hiyo ikiwa na asilimia 1.8, mafuta yanafika kilo 36. Gari ni lile lile, magunia ni yale yale, heksani ni ile ile. Ndiyo maana mwenye kiwanda hamlipi mkulima kwa kilo peke yake. Humlipa kwa kilo na ukali.

Si pareto peke yake iliyo hivi. Huko Marekani, katika majimbo yaliyohalalisha bangi kama Colorado, iliyofungua maduka yake mwaka 2014, mafuta ya bangi yaliyokolezwa nayo huwekewa bei kwa kutazama ukali uliopimwa maabara, aina ya mmea na njia ya ukamuaji. Kwetu bangi inakatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, kwa hivyo bei yake huamuliwa na hofu ya askari barabarani. Turudi kwenye mmea wa halali.

Ukali huanza na baridi. Pareto haitoi maua ya kutosha mpaka ipate majuma kadhaa ya usiku wenye baridi, na ndiyo sababu hatuwezi kuilima Kilifi hata tukitaka. Huko juu Nyamira na katika sehemu za mwinuko za Kisii, kuanzia kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hali inafaa, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo ua linavyozidi kukolea. Kisha ni mbegu. Miche iliyogawanywa kutoka kwenye mashina bora hulinda sifa ya mama yake, lakini inayotokana na mbegu huchanganyika. Kituo cha utafiti cha Molo kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, lakini upungufu wa miche mizuri haujaisha, na mkulima akikosa ya uhakika atapanda anayopewa na jirani.

Halafu ni mikono. Ua lichumwe likiwa limefunguka, vijiua vya kitovuni vikiwa vimechanua safu tatu au nne. Ukichuma mapema, pirethrini haijajaa. Ukichelewa, umepoteza. Mchumaji anarudi shambani kila baada ya majuma mawili hivi, na kazi hii huko Kisii mara nyingi ni ya akina mama na watoto. Kilo nne hivi za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Yakirundikwa kabla ya kukauka yanapata joto na kuvunda, na yakiachwa juani siku nyingi jua lenyewe huiharibu pirethrini. Katika nchi ya mvua za kila alasiri kama ile, kukausha kunataka mtu aliye macho.

Sasa tazama majirani wawili wanaopeleka kilo 20 kila mmoja kwenye kituo cha ushirika. Wa kwanza maua yake yana asilimia 1.2, yaani gramu 240 za pirethrini. Wa pili ana asilimia 1.6, gramu 320. Mzani umesema wako sawa, lakini wa pili ameleta theluthi moja zaidi ya kile kinachouzwa. Mzani wameuona wote wawili kwa macho. Ile asilimia hakuna aliyeiona, maana imepimwa mbali, katika maabara ya mnunuzi, na mara nyingi maua ya wengi yamekwisha kuchanganywa katika gunia moja. Mwenye bidii analipwa wastani wa wavivu. Sisi tuliosomeshwa chuoni tangu utotoni juu ya kutopunja kipimo tunajua uzito wa jambo hili, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote katika bei ya pareto: kipimo kimoja kiko mbele ya mkulima, na kile chenye pesa kiko nyuma ya ukuta.

Nje ya milima kuna mambo ambayo mkulima hana uwezo nayo. Mwaka 1973 watafiti wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrin, dawa ya kutengenezwa inayoiga pirethrini lakini haiharibiwi haraka na jua. Hizi za kuiga ni rahisi, na ndizo zilizoteka soko la mashambani na la vyandarua. Hata dawa nyingi za mbu za kuwasha madukani kwetu siku hizi hazina pareto ndani, soma pakiti yake. Hata kabla ya hapo, miaka ya 1940, ilikuwa imegunduliwa kwamba mafuta ya ufuta huzidisha nguvu ya pareto, na kutokana na hilo vikatengenezwa viongeza nguvu vinavyomwezesha mwenye kiwanda kutumia pirethrini kidogo kuliko zamani. Hizo zote zinashusha bei. Kinachoipandisha ni kwamba pareto haikai: saa chache juani imekwisha. Kwa hivyo inakubalika katika kilimo cha asili Ulaya na Marekani, na katika maghala ya vyakula, mahali ambapo watu hawataki sumu ya kudumu. Soko hilo ni dogo lakini hulipa vizuri.

Na ni soko la watu wanaotaka uhakika. Hapa ndipo Kenya ilipoanguka. Zamani nchi hii ilitoa sehemu kubwa zaidi ya pareto ya dunia, zaidi ya tani 10,000 za maua makavu katika miaka mizuri. Mnunuzi alikuwa mmoja kisheria, Bodi ya Pareto ya Kenya huko Nakuru. Iliyapokea maua, ikakamua, ikauza mafuta nje, kisha ikamlipa mkulima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 malipo yakaanza kuchelewa, miezi ikawa miaka. Mkulima wa Kisii ana shamba dogo, mara nyingi halifiki ekari moja. Hawezi kuikopesha bodi. Aling'oa pareto akapanda chai, inayomlipa kitu kila mwezi. Kufikia miaka ya 2010 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 1,000.

Mtu angedhani uhaba ungepandisha bei na kumrudisha mkulima. Ulipanda, lakini kwa faida ya wengine. Tasmania, kisiwa cha Australia, walikuwa wakivuna kwa mashine katika mashamba makubwa ya mkataba, nao ndio wanaoongoza duniani leo. Rwanda na Tanzania, kupitia kiwanda cha Mafinga mkoani Iringa, nazo ziliendelea. Mtengenezaji wa dawa aliyekosa mafuta ya Nakuru hakukaa akingoja. Alibadilisha mchanganyiko wake, akausajili upya kwa gharama kubwa, na akishausajili harudi kwa sababu tu bei imepungua.

Sheria za 2013 zilivunja ule ununuzi wa mmoja. Bodi ikawa Kampuni ya Usindikaji wa Pareto, na kampuni binafsi kama Kentegra zikaruhusiwa kununua na kukamua. Wanunuzi wakiwa wawili au watatu, mkulima ana pa kukimbilia, hilo ni jema. Lakini kiwanda kisichopata maua ya kutosha gharama zake za kila kilo ya mafuta huwa juu, na kiwanda cha namna hiyo hakiwezi kulipa vizuri hata kikitaka. Maua hayaji kwa kuwa bei ni ndogo, na bei ni ndogo kwa kuwa maua hayaji.

Shina la pareto huanza kutoa maua baada ya miezi minne hivi na hufaa kuvunwa kwa kiasi cha miaka mitatu. Kwa hivyo anayepanda leo Borabu au Masaba anajifunga na mnunuzi kwa muda huo wote. Kabla ya kupokea miche ya bure, aulize mambo matatu na ayapate kwa maandishi: malipo ni baada ya siku ngapi, kila asilimia ya pirethrini inalipwa shilingi ngapi, na sampuli ya maua yake itapimwa peke yake au katika gunia la wote.