Sauti Mbili Ndani ya Waya Mmoja

Mwaka 1949 mwanafizikia wa Kijapani Sin-Itiro Tomonaga alialikwa Princeton, Marekani. Kazi ambayo ingemletea Tuzo ya Nobeli mwaka 1965 alikuwa ameshaifanya. Huko akashughulika na swali lililofanana na mchezo wa hesabu: elektroni zikipangwa kwenye mstari mmoja, zitakwendaje?

Ndani ya metali ya kawaida elektroni hupishana. Kwenye mstari hakuna pa kupishia, sawa na vichochoro vya Mji Mkongwe: mkokoteni mmoja ukirudi nyuma, msururu mzima unasukumana. Makala yake ya 1950 ilionyesha kuwa kinachosafiri humo ni wimbi la msongamano wa elektroni zote pamoja, yaani sauti hasa. Leo wimbi hilo huitwa plasmoni.

Hesabu hiyo nzuri ilikuwa na pengo: atomu zilichukuliwa kama zimetulia tuli. Atomu za fuwele hazitulii. Hutetemeka, na mitetemo yake, yaani fononi, nayo ni sauti. Katika waya mwembamba sauti hizo mbili hazina namna ya kukwepana.

Wengine walikuwa wameanzia upande wa atomu. Mwaka 1951 Gregor Wentzel na John Bardeen walionya kwamba elektroni zikishikana mno na mitetemo, kasi ya sauti ya fuwele hushuka hadi sifuri na mpangilio wote huporomoka. Kisha Rudolf Peierls, katika kitabu chake cha 1955, akaeleza kwamba mstari wa atomu zilizoachana sawasawa hauwezi kubaki metali kwenye baridi kali. Atomu husogeleana mbilimbili na njia ya umeme hufungwa. Aliligusia jambo hilo kwa ufupi tu, na kwa maoni yangu ndilo lililostahili sura nzima. Mwaka 1973 kundi la Alan Heeger, Pennsylvania, lilipima fuwele ya kikaboni iitwayo TTF-TCNQ. Kadiri ilivyopozwa ndivyo ilivyopitisha umeme vizuri zaidi, na matumaini yakapanda. Karibu na kelvini 54 ikageuka kihami, kama Peierls alivyoeleza.

Engelsberg na Varga walikuwa wamekwishaunganisha sauti hizo mbili kwenye hesabu moja mwaka 1964, lakini nyaya zenyewe zilichelewa. Mwaka 1991 ndipo watafiti, kwa mwanga wa leza, walipopima plasmoni ndani ya nyaya za kwantamu za galiamu na aseniki. Miaka mitatu baadaye Daniel Loss na Thierry Martin walifufua onyo la Wentzel na Bardeen ndani ya waya. Walichokuta ni mawimbi mawili mapya, kila moja likiwa na sehemu ya elektroni na sehemu ya atomu. Katika nyaya za kawaida mchanganyiko huo ni hafifu: sauti ya fuwele hukimbia takriban kilomita 5 kwa sekunde, ilhali elektroni huzidi 100. Elektroni zikipunguzwa mwendo, tofauti hiyo hupungua, na lile poromoko la 1951 husogea karibu.