Majani Mapana na Herufi B

Istilahi "magugu ya majani mapana" imekwisha kuzoeleka katika vijitabu vya kilimo, lakini ina ila ambayo mfasiri hana budi kuijua. Lusina na klova, mikunde ipandwayo kwa malisho ya mifugo, nazo ni za majani mapana kwa maana ile ile ya kibotania, yaani mbegu zake hugawanyika vipande viwili. Basi dawa iuayo kila chenye majani mapana itaangamiza shamba pamoja na magugu yake.

Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. MCPA, iliyotokana na uchunguzi wa Jealott's Hill huko Uingereza katika miaka ya 1940, na 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1945, ziliwafaa wakulima wa ngano na shayiri, kwa kuwa nafaka hizo ni jamii ya nyasi. Mkulima wa lusina hakupata nafuu.

Njia ilipatikana katika Chuo cha Wye, Kent, katika miaka ya 1950. Profesa Louis Wain na wenzake walitumia jambo lililoelezwa na Mjerumani Franz Knoop mwaka 1904, kwamba miili ya viumbe huvunja asidi za mafuta kwa kuziondolea kaboni mbili mbili. Mkia wa 2,4-D una kaboni mbili; ukirefushwa hadi nne hupatikana 2,4-DB, na vivyo hivyo MCPA huzaa MCPB. Dawa hizi zenyewe si kali. Gugu lenye vimeng'enya vya kuukata mkia huo upesi, kama upupu wa Ulaya, hujitengenezea sumu lenyewe likafa. Lusina na klova huukata kidogo tu, zikasalimika.

Kwa hiyo hata neno "kiuagugu" hapa lasema nusu tu ya habari, maana gugu lashiriki katika kujiua. Nionavyo, "kiuagugu teule" ni bora kuliko "kiuagugu cha majani mapana", ambacho kisarufi chaweza kudhaniwa kuwa dawa iliyotengenezwa kwa majani.

Alama za kikemia, hata hivyo, zisiguswe. Mfasiri wa kibandiko akiidondosha B, kwa kudhani ni kosa la mpiga chapa, atakuwa amemwelekeza mfugaji kunyunyizia lusina yake 2,4-D, na mashina yatajipinda kabla ya makosa hayo kusahihishwa katika toleo la pili.