Mihuri ya Mitungi ya Rhodes

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 4 KK, na kwa zaidi ya miaka 200, wafinyanzi wa kisiwa cha Rhodes walipiga mihuri kwenye vishikio vya mitungi ya mvinyo kabla ya kuichoma. Mtungi huo ulichukua lita 25 hivi, na kitako chake kilichochongoka kilirahisisha kuupanga melini na kuuinamisha wakati wa kumimina. Ukishavunjika, kiwiliwili kilisagika, bali kishikio, kwa unene wake, kilidumu ardhini.

Kwa kawaida mtungi ulikuwa na mihuri miwili. Mmoja ulitaja kuhani wa Helios, mungu wa jua, aliyeshika zamu mwaka huo, kwani Rhodes iliitambua miaka kwa majina ya makuhani hao. Wa pili ulimtaja mwenye karakana. Kufikia katikati ya karne ya 3 KK mwezi nao uliandikwa. Mihuri mingi ina ua la waridi au kichwa cha Helios, alama zilezile za sarafu za kisiwa. Kisiwa cha Thasos kilikuwa kimetangulia kupiga mihuri. Miji ya Knidos na Sinope nayo ilikuwa na mihuri yake.

Sababu ya mihuri inabishaniwa. Wapo wanaoitaja kodi, wengine ujazo, wengine umri wa mvinyo. Hoja ya umri ni dhaifu: muhuri ulipigwa udongo ukiwa mbichi, mvinyo haujatiwa. Usimamizi wa karakana unaelekea zaidi kuwa chanzo.

Kwa wanaakiolojia, faida kubwa ni tarehe. Virginia Grace, Mmarekani aliyefanya kazi Athens tangu miaka ya 1930, alipanga mfuatano wa makuhani kwa kulinganisha vigae vilivyofukiwa pamoja. Magofu ya Carthage na Corinth, miji iliyobomolewa na Warumi mwaka 146 KK, yalimpa kikomo. Mpangilio huo ulirekebishwa mara kadhaa, na mwaka 2001 mtafiti Gérald Finkielsztejn alisogeza mbele tarehe za makuhani wengi.

Alexandria, Misri, imehifadhi makumi ya maelfu ya vishikio hivyo, vingi vikiwa vya Rhodes. Wingi huo si kipimo cha haki cha biashara: Rhodes ilipiga mihuri karibu kila mtungi, ilhali Kos, jirani yake na muuzaji mkubwa wa mvinyo, ilipiga michache tu.