Kupangua: neno la golini lililoshika upanga

Mpwa wangu wa Mbagala Rangi Tatu alinicheka hadi akajishika mbavu. Nilikuwa nimekalia benchi la mbao kwenye kibanda cha gemu za PS, padi mikononi, na kwenye skrini steringi wangu, mpiganaji wa Kijapani mwenye mkono wa bandia, anakatwa kwa mara ya tisa. Nami nilidhani nafanya la maana: nimebana kitufe cha kujikinga na sikiachii.

"Anko, wewe unakinga tu," akasema. "Mpangue! Akileta, mpangue!"

Nikatoa jero nyingine, nikafa tena. Lakini neno lile niliondoka nalo, na ndani ya daladala ya kurudi nyumbani nilikuwa bado nalitafuna.

Gemu lenyewe ni Sekiro, kazi ya kampuni ya FromSoftware ya Japani, lililotoka Machi 2019 chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki na kutwaa tuzo ya gemu bora la mwaka huo katika The Game Awards. Wajuzi watanisahihisha kwamba shujaa wake ni shinobi, mpiganaji wa kificho, wala si samurai. Sawa. Ila anaopambana nao wengi ni samurai wa mwisho wa karne za vita za Japani, na wengine ni viumbe ambao pale kibandani wote huitwa majini, kosa nitakalolijadili baadaye. Roho ya gemu hilo ni kitendo kimoja. Upanga wa adui unapokufikia, unabonyeza kitufe katika nukta ileile, chuma kinagonga chuma, pigo linakwenda pembeni. Ukipatia mara kadhaa, mwili wake unapoteza mhimili, anayumba, na hapo unammaliza. Ukibana tu kitufe kama nilivyofanya, unasalimika kwa muda, lakini mhimili unaoporomoka ni wako.

Kiingereza kinakiita kitendo hicho parry. Neno lilipitia Ufaransa likitokea Italia, ambako parare ni kuepusha jambo lisikufike. Ndugu zake wa ukoo ni parasol, cha kuepusha jua, na parachute, cha kuepusha anguko. Vyote viwili sisi twaviita mwavuli na maisha yanaendelea. Wajapani wa Sekiro wanasema hajiki, kutokana na kitenzi cha kufyatua kitu kikaruka, kama mtoto anavyoifyatua gololi kwa kidole.

Kuna kioja kimoja cha tafsiri hapa. Capcom walipoingiza kitendo kama hicho kwenye Street Fighter III mwaka 1997, Wajapani walikiita burokkingu, yaani neno la Kiingereza la kukinga. Kiingereza chenyewe kikaliacha neno lake hilo, kikasema parry. Kwa jina hilo ndipo dunia ilipomshangilia mchezaji Daigo Umehara mwaka 2004, akiwa amebakiza uhai kiduchu, alipoyaondoa mateke yote kumi na tano ya shambulio kuu la mpinzani wake, Justin Wong, moja baada ya jingine, kisha akashinda. Kitendo kimoja, majina mawili, na kwa mujibu wa mpwa wangu majina hayo yanapingana.

Yuko sahihi. Tazama kukinga kunavyofanya kazi kwa Kiswahili. Mkono unakinga jua, chanjo inatoa kinga, na asubuhi mama anaweka ndoo chini ya bomba kukinga maji. Ndoo haiyarudishi maji, inayapokea. Kinga inadumu, imesimama, inavumilia. Aliyeinua ngao amekinga, na atabaki amekinga hadi mkono uchoke. Kuzuia nako ni kupana mno: geti huzuia, askari wa usalama barabarani huzuia. Kukwepa ni kuondoka pigo lipite hewani, jambo ambalo vijana wa kibandani hulisemea kimpira: mpige chenga. Kote huko hakuna chuma kinachogonga chuma.

Kupangua kumetoka golini. Tangu enzi za redio tumezoea kusikia kipa akidaka au akipangua, na hakuna shabiki anayeyachanganya hayo mawili. Kudaka ni kuumiliki mpira. Kupangua ni kuugusa kwa nguvu na kwa wakati ukaenda kwingine, kona au nje. Waliokesha mwaka 2003 Simba ilipoivua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa penalti jijini Cairo, Juma Kaseja akiwa langoni, hawahitaji kamusi kuelezwa. Ndondi nazo zinalo: bondia hupangua ngumi. Kutoka golini na ulingoni hadi kwenye upanga wa kwenye skrini ni hatua moja fupi, na watoto wa Mbagala wameipiga bila kuomba kibali cha mtu.

Kinachonifurahisha zaidi ni umbo la neno. Kiswahili kina mnyambuliko wa kutendua: funga ikawa fungua, ziba ikawa zibua, kunja ikawa kunjua, panga ikawa pangua. Anayekushambulia amepanga. Amepanga miguu, bega, mwelekeo wa ncha. Unachofanya wewe ni kuutendua mpango ule katikati ya safari yake. Parry inasema tu kwamba jambo halikufika. Hajiki inasema liliruka. Pangua inasema kulikuwa na mpangilio na sasa haupo, na ndiyo maana adui anayumba. Kati ya majina yote matatu, naliona hili la kwetu ndilo linaloeleza gemu vizuri zaidi.

Pingamizi lipo. Msomaji wa magazeti akiona "Rais apangua" anatarajia orodha ya mawaziri, si upanga. Na panga la kufyekea majani linaweza kumvuta mtu adhani kupangua ni kunyang'anya silaha. La kwanza halinisumbui, maana muktadha hutenganisha. Kipa na baraza la mawaziri wameishi na neno hilohilo miaka yote bila ugomvi. La pili ni mfanano wa sauti, na mtunzi wa mashairi atashukuru kuupata.

Nilirudi wiki iliyofuata nikiwa nimeyafikiria haya, nikidhani sasa nitaweza. Wapi. Kujua jina la kitu hakukupi mkono wake. Mpira wa penalti ukipigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde hufika golini, umbali wa mita 11, kwa chini ya nusu sekunde. Na jicho la binadamu hutumia kama robo sekunde kuona jambo na kuuambia mwili uchukue hatua. Kipa akisubiri auone mpira umekwenda wapi, amechelewa, kwa hiyo anasoma nyonga ya mpigaji. Mpwa wangu naye hatazami upanga, anatazama bega, na anasikiliza mlio. Juu ya hayo, skrini bapa nyingi huchukua muda kidogo kuichakata picha kabla ya kuionyesha, ucheleweshaji ambao TV chogo za zamani zilikuwa karibu hazina. Kwa mtazamaji wa tamthilia si kitu. Kwa mpanguaji ni kifo, na ndiyo sababu vijana huingia kwanza kwenye mipangilio ya TV kutafuta hali ya gemu.

Sasa yale majini. Mapema katika Sekiro unakutana na jitu limefungwa minyororo, ambalo kwa Kijapani linaitwa aka-oni, oni mwekundu. Oni wa ngano za Kijapani ana pembe, ana mwili mkubwa, anabeba rungu la chuma, anakula watu. Jini wetu haonekani mpaka atake, na pepo hupanda kichwani, hupungwa kwa ngoma. Mwenye mwili, nguvu na njaa ya nyama ya watu ni zimwi, yule wa hadithi za bibi. Oni ni zimwi. Nilipomwambia mpwa wangu akakubali shingo upande, akasema jini linatisha zaidi.

Zimwi hilo linafundisha pia mpaka wa istilahi yetu. Likitaka kukukamata kwa mikono, alama nyekundu ya hatari inawaka juu ya kichwa cha steringi wako, na hapo huwezi kupangua hata kidogo. Unakwepa au unaliwa.

Kutokana na kitenzi hiki cha kupangua tunapata mpanguo kwa tendo, mpanguaji kwa mtendaji, na kupanguliwa kwa aliyekumbwa, yote bila kuazima herufi. Ombi langu kwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kwa wote wanaohariri kamusi ni dogo: kwenye kidahizo pangua iwekwe maana ya kuondoa pigo la silaha kwa silaha katika nukta linapofika, na mfano wa matumizi uwe ule wa Rangi Tatu: Akileta, mpangue.