Ukuta Hauna Fangasi

Nenda kwa muuza rangi, ueleze kwamba ukuta wako unabanduka futi moja na nusu kutoka sakafuni. "Hiyo fangasi," atasema, akikushushia kopo rafuni. Utapaka. Masika yakipita, rangi imevimba tena na chini yake unapukutika unga mweupe. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, gusa unga huo kwa ncha ya ulimi, kama nilivyofanya mimi mbele ya wanangu walioshangaa: ni chumvi. Fangasi ni kiumbe hai. Huu ni mzigo ulioletwa na maji kutoka ardhini na kuachwa pale yalipokauka.

Nguvu inayoyapandisha huitwa ukapilari, neno lenye asili ya Kilatini kwa maana ya unywele. Maji hung'ang'ania kingo za kitundu na kujivuta juu. Mwingereza James Jurin alionyesha mwaka 1718 kwamba kitundu kikizidi kuwa chembamba, maji hupanda zaidi: mrija safi wa kioo wenye upana wa milimita 1 huyapandisha sentimita 3 hivi, wa milimita 0.1 sentimita 30. Matofali na matumbawe yamejaa vitundu vyembamba.

Basi tuiteje hali hii? Neno "ukapilari" libaki vitabuni. "Upandaji wa unyevu" linanukia shamba la mihogo. Kwa fundi napendelea "unyevu wa kupanda", kwa sababu linamwelekeza kutazama chini, kwenye msingi, badala ya kukimbilia kopo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar unaonyesha upande wa pili, ambao hata istilahi hiyo haiutaji: unyevu uliopanda hutafuta pa kutokea. Kuta zile nene za matumbawe zilipigwa lipu ya chokaa, inayoupitisha nje kama mvuke. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huchukua joule 2,400 hivi za joto, na ukuta hupoa. Ukiuziba kwa saruji, maji hupanda juu zaidi, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma, hata ukiigonga inalia kama debe tupu. Ndani nako joto huzidi kupenya, maana vitundu vilivyokuwa na hewa vimejaa maji, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Nyumba za leo hutandikiwa nailoni juu ya msingi ili unyevu usipande. Zile za matumbawe zilitegemea chokaa.